Baba mdogo si baba kwenye fomu: kumwingiza kijana wa kwanza komyuniti koleji

Kijana wa kwanza wa ukoo kuingia komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, hapa Marekani mara nyingi haangushwi na hesabu wala Kiingereza. Anaangushwa na karatasi, tena mapema, kati ya mwezi Mei anapomaliza sekondari na wiki ya nne ya muhula wa Agosti. Mwenzake ambaye wazazi wake walisoma hukuhuku huelezwa mambo haya nyumbani, wakati wa chakula. Kwa familia zetu zilizotoka Kongo au Burundi kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Tanzania, nyumbani hakuna wa kuyaeleza, na chuo hudhani kwamba yanajulikana.

Anza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu kwenye StudentAid.gov. Ni bure, anayetaka kulipwa ili aifungue tu, mwepuke. Mkimbizi na mwenye green card wanaruhusiwa kuijaza. Kijana na mzazi kila mmoja hufungua akaunti yake, kwa barua pepe yake mwenyewe. Ifunguliwe siku kadhaa kabla ya kujaza, kwa sababu jina hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security (idara ya hifadhi ya jamii), na hapo ndipo majina yetu yanapoleta shida. Kijana ana majina matatu: I-94, hati ya kuingilia nchini, inayapanga hivi, shule inayapanga vile, kadi ya Social Security imeacha moja. Kwenye FAFSA andika kama kadi ya Social Security inavyosema, herufi kwa herufi. Kama kadi ina kosa, lirekebishwe kwanza ofisi ya Social Security. Na kama hati zote zinasema kazaliwa tarehe 1 Januari, kama wengi walivyoandikiwa kambini, tumia hiyohiyo.

Sasa lile linaloumiza zaidi. Kijana amelelewa na baba mdogo tangu Uvira, Kongo, anamwita baba, wanaishi nyumba moja. Fomu ikiuliza mzazi, anamwandika yeye. Hilo ni kosa. Kwa FAFSA, mzazi ni aliyekuzaa, aliyekuasili kisheria, au mume au mke wa mzazi wako. Baba mdogo, mjomba, shangazi na bibi hawamo, hata wangekulea miaka 15. Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, kijana anahesabika kuwa anajitegemea, na taarifa za mzazi hazihitajiki. Wakiwa hai lakini wako mbali, au hawajulikani walipo, asiwabuni wala asiache fomu njiani. Kuna swali la mazingira yasiyo ya kawaida, ajibu ndiyo. Sheria inamtaja waziwazi mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi wake. Kisha aende ofisi ya misaada ya fedha ya chuo na I-94 yake, pamoja na barua ya shirika lililompokea, mchungaji au mwalimu anayejua habari zake. Uamuzi ni wa ofisi hiyo, kwa hiyo aende Juni. Agosti foleni inafika mlangoni.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ridhaa ya kodi. Kijana na mzazi aliyemo kwenye fomu lazima wote wakubali taarifa zao zivutwe kutoka idara ya kodi, hata kama hawakuwahi kujaza kodi. Ridhaa moja ikikosekana, hakuna msaada wa serikali kuu.

Pell Grant ni ruzuku ya serikali kuu inayoombwa kwa FAFSA, hairudishwi ukisoma muhula wako vizuri. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Hulipwa kufuatana na krediti, yaani vipimo vya ukubwa wa masomo uliyochukua: 12 kwa muhula ni asilimia 100, 9 ni 75, 6 ni 50. Hesabu saa kabla ya kuchagua. Krediti 12 ni kama saa 12 darasani na 24 za kujisomea kila wiki, jumla 36. Kijana anayefanya zamu ya usiku kiwandani saa 40 atafika 76 kabla hajalala. Kwetu sisi, huyo aanze na 9. Pell ina kikomo cha mihula 12 ya muda kamili kwa maisha yote, na anayesoma robo tatu, yaani krediti 9, hukatwa robo tatu tu, kwa hiyo hapotezi kitu.

Jaribio la kupanga madarasa lisifanywe bila kujiandaa. Ukipangwa chini, utasoma madarasa ya maandalizi ambayo kwa kawaida hayaingii katika zile krediti 60 za digrii ya miaka miwili.

Muhula ukianza, kuacha darasa kuna siku zake. Ukiliacha kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha madarasa, linafutika. Ukichelewa, inaandikwa W (withdrawal, umejiondoa), na W huhesabiwa kama krediti ulizojaribu ukashindwa kumaliza. Vyuo vingi hutaka umalize angalau asilimia 67 ya ulizojaribu, na wastani wa alama wa 2.0, ndipo msaada uendelee.

Ukiacha madarasa yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, yaani wiki ya 9 kati ya 15, sehemu ya Pell inarudi serikalini. Aliyepata dola 3,000 akaondoka muhula ukiwa asilimia 30 amestahili 900 tu. Chuo kinarudisha sehemu yake, kisha kinamdai yeye. Ugonjwa au msiba ukitokea, asinyamaze akatoweka. Aende kwa mshauri wa masomo kabla hajafuta chochote.

Usaidizi wa karibu hufanya kazi. Mpango wa ASAP wa vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, ulioanza 2007, huwapa wanafunzi mshauri wa karibu, nauli na msaada wa vitabu. Utafiti uliwafuatilia kwa miaka mitatu: asilimia 40 walihitimu, na kati ya wasiokuwa kwenye mpango, 22. Pasipo ASAP, uliza TRIO Student Support Services, mpango wa serikali kuu wa kusaidia wanafunzi vyuoni. Inapokea wale ambao hakuna mzazi wao mwenye shahada ya kwanza, maana yake karibu kila mtoto wetu. Nafasi zina hesabu, kwa hiyo peleka fomu wiki ya kwanza ya muhula.