Namna nilivyojifunza mchezo wa kati wa sataranji kwa kufuata mpangilio wa askari

Katika sataranji, ufunguzi unaweza kukaririwa na mchezo wa mwisho unaweza kuhesabiwa, lakini mchezo wa kati, kete zikiwa zimekwisha kutoka nyumbani na hakuna kinachotishiwa waziwazi, humtaka mchezaji ajue mwenyewe anachokitafuta. Nilikuwa na mazoea ya kutatua mafumbo kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, kila jioni, na yalinoa sana jicho langu kwa mambo kama farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo. Hata hivyo fumbo humdokeza mtu kwamba ushindi upo mahali fulani, ilhali ubao halisi haudokezi lolote. Nilitaka kujua la kufanya katika zile hatua ambazo hazina fumbo ndani yake, nazo ndizo nyingi.

Niliamua kugawa masomo yangu kwa mpangilio wa askari badala ya kuyagawa kwa majina ya funguzi au kwa mada pana kama "mashambulizi" na "ulinzi". Sababu ni kwamba askari harudi nyuma. Kete nyingine huhama na kurejea, bali safu ya askari ikishajengwa hukaa hatua nyingi, na ndiyo inayoamua ngome ifunguliwe njia ipi, farasi akae wapi asifukuzwe, na askofu yupi abaki amezibwa na watu wake mwenyewe. Nilianza na mpangilio mmoja tu, ule unaoitwa kwa jina la Carlsbad, mji ambao leo ni Karlovy Vary katika Jamhuri ya Cheki na ambao uliandaa mashindano makubwa ya sataranji mwaka 1907, 1911, 1923 na 1929. Hupatikana mara nyingi pale mweupe anapobadilishana askari wa c4 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja mstari wa mlalo) na yule wa d5 katika ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia. Mweupe hubaki na askari d4 na e3, mweusi hubaki na c6 na d5. Mweupe hupata njia kwenye safu ya c, na mweusi kwenye safu ya e.

Utaratibu wangu ulikuwa rahisi kueleza lakini mzito kuufuata. Nilichukua michezo kamili ya mabingwa yenye mpangilio huo, nikaipanga kwenye ubao wa mbao, si kwenye simu, na ufunguzi ulipokwisha nikafunika hatua zilizobaki kwa karatasi. Kisha niliandika daftarini, kwa sentensi kamili, kete yangu mbaya ni ipi, nataka kubadilishana nini, na askari yupi atasukumwa. Ndipo nilipofunua hatua moja, nikailinganisha na nilichoandika, na kuendelea. Kompyuta niliiacha hadi mwisho kabisa. Naamini kwa dhati kwamba anayeifungua Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, mapema hujinyima kazi yenyewe aliyokuja kuifanya, kwa sababu programu hutoa hatua bora na tarakimu, haitoi sababu, na bila sababu hakuna cha kuhamishia kwenye mchezo wa kesho.

Jambo la kwanza lililonikaa ni shambulizi la wachache. Upande wa malkia mweupe ana askari wawili, a na b, dhidi ya watatu wa mweusi, lakini ni hao wachache wanaosonga mbele: ngome huja b1, askari wa b hufika b4 kisha b5, na wakishalana kwenye c6 mweusi hubaki na askari mnyonge wa c6 ambaye hana jirani wa kumlinda na anayekabiliwa na ngome za safu ya c. Mwanzoni mwa masomo hili lilinishangaza, maana akili ya kawaida humtuma mtu kusukuma pale alipo na wengi.

Mchezo ulionifundisha kuliko yote ni ule wa Mikhail Botvinnik dhidi ya Paul Keres katika ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1952. Botvinnik aliweka ngome b1, nami nikaandika daftarini kwa uhakika kwamba b4 inafuata. Badala yake alisukuma f3, akairudisha ngome ile hadi e1, na baadaye akapenyeza e4 katikati ya ubao, Keres akibaki amebanwa. Nilikaa na ukurasa ule siku kadhaa. Mpangilio ule ule wa askari ulikuwa na mipango miwili, na Botvinnik aliweza kuuonyesha mmoja huku akiuandaa wa pili. Kuanzia hapo kila ukurasa wa daftari ulilazimika kuwa na mpango wa kwanza, mpango wa pili, na ishara ya ubaoni inayoniambia lini nihame.

Kwa upande wa mweusi nilipita haraka zaidi: farasi kwenye e4, ngome inayopanda e6 kuelekea upande wa mfalme, au askari wa b5 anayezuia wale wachache na kumwandalia farasi makao kwenye c4.

Baada ya hapo niliingia kwenye askari mpweke wa d4, asiye na mwenzake kwenye c wala e. Hapa pia nilimrudia Botvinnik, safari hii dhidi ya Milan Vidmar, Nottingham 1936. Vidmar alifanya kilichoelekezwa vitabuni, akaweka farasi d5 kumzuia yule mpweke. Lakini tazama kete za mweupe: malkia h3, farasi e5 anayeegemezwa na askari huyo huyo wa d4, maaskofu b3 na g5. Botvinnik alisukuma f4 na f5, askari wa e6 akalazimika kula, na njia ya askofu wa b3 kuelekea f7 ikapungua kizuizi. Katika hatua ya 20 farasi alikula f7, na kufikia hatua ya 24 Vidmar alijisalimisha. Kilichonigusa ni kwamba dhabihu ile ilikuwa imetayarishwa tangu hatua ya 17 na msukumo wa askari tu.

Matunda niliyaona katika mashindano ya mwisho wa wiki, nikiwa na kete nyeupe na mpangilio wa Carlsbad mbele yangu. Mpinzani wangu alisukuma b5 ili kuzima shambulizi la wachache, na farasi wake wa d7 akawa analenga b6 kisha c4. Hiyo ndiyo ishara niliyokuwa nimeiandika: askari wa b akishaondoka b7, yule wa c6 hana tena nguzo, na katikati panafaa kufunguliwa mara moja. Niliacha upande wa malkia, nikacheza e4 kabla farasi hajafika, na baada ya kubadilishana katikati malkia wangu wa c2 na ngome ya c1 walikuwa tayari wanamtazama c6. Alianguka, na mchezo ukaamuliwa na askari mmoja wa ziada.

Sasa daftari limefika kwenye askari wawili wa c5 na d5 wanaosimama bila jirani, kama katika mchezo wa 6 kati ya Fischer, aliyecheza weupe, na Spassky katika pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972. Karatasi yangu imesimama kwenye hatua ya 20, pale Fischer aliposukuma e4 na askari wa d wa Spassky akapita hadi d4, nami bado naandika kwa nini kupita huko kuliwaachia weupe nafasi ya kusukuma f4 na e5 kumwelekea mfalme.