Shahidi mwenye ulemavu wa akili: tayarisha mapema, si asubuhi ya kesi

Kesi ya aliyebakwa akiwa na ulemavu wa akili mara nyingi huharibikia kituo cha polisi, pale afisa anapoandika "hawezi kujieleza" kisha faili ikalala. Hapa Kenya sheria haimruhusu kuishia hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50(7), inakubali mlalamishi au mshtakiwa awe na msaidizi wa kuwasiliana na mahakama.

Kwa hiyo, ukishapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), sisitiza ulemavu uandikwe ndani ya taarifa. Hospitali ijaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, ndani ya saa 72 ikiwezekana, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazingoji. Asioge kwanza. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na ushahidi ukaoza. Fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hufuata. Omba pia ripoti ya mwanasaikolojia inayoeleza anaelewa nini na aulizwe vipi.

Mahakamani, kiongozi wa mashtaka aombe kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kabla shahidi hajaanza kusema. Hakimu kwanza amtangaze kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, ndipo aagize msaidizi, kizuizi cha kumkinga shahidi asionane na mshtakiwa, au kesi isikizwe faraghani. Hatua hiyo ya kumtangaza ikirukwa, wakili wa utetezi ameshapata hoja ya rufaa.

Msaidizi anaweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha au afisa wa ustawi wa jamii. Mama aliye shahidi mwenyewe simshauri kabisa: ataambiwa amemlisha mtoto maneno.

Ila tahadhari. Mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa maneno ya msaidizi peke yake. Lazima yaungwe mkono na ushahidi mwingine. Mlalamishi akisema mwenyewe, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu neno lake pekee litoshe, hakimu akiridhika kwamba ni kweli na kuandika sababu. Basi anayeweza kusema, hata kwa maneno matano, apewe nafasi aseme.

Aulizwe jambo moja kwa swali moja. "Ilikuwa kabla ya Krismasi?" bado ni swali baya, maana wengi hujibu ndiyo ili kumridhisha anayeuliza. Afadhali "Siku hiyo mlikula nini?" Akichoka, msaidizi ana haki ya kuomba mapumziko, na hakimu aelezwe mapema ni dalili gani zitakazoonyesha amechoka.