Usiku umeme ulipokatika Ilala

Ilikuwa Jumamosi moja ya miaka ya tisini, vikundi vikubwa vya maonyesho, Muungano na Tanzania One Theatre, vikigombea mashabiki wa Dar es Salaam. Kikundi chetu kilikuwa kidogo, ila ratiba ilikuwa ileile: ngoma, kichekesho, sarakasi, kisha igizo refu. Muswada haukuwepo. Mchana kiongozi alisimulia kisa, akagawa nafasi, akasema kila onyesho linaanzia wapi na neno gani linamtoa mtu jukwaani. Mengine mnayapata mbele ya watu.

Dada zetu wawili wakongwe walicheza mama mkwe na jirani mchonganishi. Yule mkubwa alijizeesha mwenyewe: alijipaka poda kwanza, akakunja uso, akapitisha wanja ndani ya mikunjo yake mwenyewe. Ukianza na wanja, jasho la taa linauchuruza hadi kidevuni. Khanga moja zaidi aliikaza kiunoni kwa ndani ili mwendo uwe mzito.

Sauti zilitegemea maikrofoni zilizoning'inia juu ya jukwaa. Msemaji lazima asimame chini ya mojawapo. Akigeuza shingo, nusu ya maneno inapotea. Katikati ya ugomvi umeme ukakatika. Hapo waigizaji wengi hupiga kelele, na kelele hukausha koo bila kufika viti vya nyuma.

Mdogo akasogea hadi ukingoni, mwenzake akamfuata, wote wakaelekea watu. Sentensi wakazifupisha: maneno manne, matano, kituo. Kila mmoja alirudia mwisho wa maneno ya mwenzake kabla ya kujibu, "Eti mimi nimekuvunjia nyumba?", hivyo aliyekosa mara ya kwanza alisikia ya pili. Kicheko kilipopanda walingoja kianze kushuka. Ukingoja kiishe kabisa, igizo limepoa.

Karabai ilipoletwa ikawekwa upande mmoja. Mkubwa akahamia gizani, mwenzake aonekane uso, maana zamu ya kutoa machozi ilikuwa yake. Hilo halikupangwa mchana. Igizo la papo kwa papo humshawishi kila mtu avutie kicheko kwake, na nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu hiyo tu. Wale wawili walipeana nafasi hadi mwisho.

Wamestaafu sasa, na wakikutana bado wanabishana nani alitangulia kusogea ukingoni. Alikuwa mdogo, mimi nilikuwa nimeshika pazia.