Shajara ya kambi: wiki ya Berlin

Jumapili usiku

Meza za bwalo zimeshapangwa mfano wa kwato ya farasi, ramani kubwa ya Afrika imetundikwa ukutani, na rula zote zimefungiwa kabatini. La rula ndilo muhimu kuliko yote.

Igizo dhima la Mkutano wa Berlin huharibika kabla mtu hajafungua mdomo, pale mwezeshaji anapoweka mezani ramani tupu na rula pembeni. Mpe kijana wa miaka 15 vitu hivyo viwili, dakika kumi haziishi bara zima limekatwa vipande kama boflo. Si kosa lake. Ndivyo alivyosomeshwa, kwamba wazungu walikaa Berlin wakagawana Afrika. Lakini Mkataba Mkuu wenye vifungu 38 uliotiwa saini tarehe 26 Februari 1885 hauna mstari hata mmoja unaogawa bara. Una biashara huru katika bonde la Kongo, usafiri wa meli kwenye mito ya Kongo na Niger, na kanuni za namna ya kujitangazia pwani mpya. Kugawana kulikuwapo, ila kulifanyika kwenye ujia, kwenye barua za nchi mbili mbili, na kwenye karatasi zilizotiwa alama maelfu ya maili kutoka Berlin. Kijana akitoka kambini anajua hilo, hata akisahau majina yote ya mabalozi, wiki yetu haikwenda bure.

Idadi: vijana 28, wa miaka 14 hadi 17. Mkutano wa kweli ulikuwa na nchi 14, na wengi wanaoanza kazi hii hutaka kuziweka zote. Wasifanye hivyo. Denmark na Austria-Hungaria hazikuwa na la maana pale mezani, na kijana aliyepewa kazi ya kukaa kimya saa mbili atageuka mchekeshaji wa ukumbi. Tunabaki na saba: Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, Ureno, Ubelgiji, Uholanzi na Marekani, kila ujumbe watu watatu. Hao ni 21. Wawili ni watu wa chama binafsi cha Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, wanakaa kwenye ujia. Wawili ni makatibu. Watatu wanakwenda chumba cha pili, na nitawarudia.

Jumatatu

Siku ya kadi. Kadi moja ni ukurasa mmoja, maneno kama 250, na ina mambo matano: wewe ni nani, unataka nini (matatu, moja kati yake ni la lazima), lipi huwezi kulikubali hata kwa dawa, unajua nini ambacho wenzako hawakijui, na unampelekea nani taarifa. Kadi ikizidi ukurasa haisomwi. Ikikosa kile kipengele cha nne, mazungumzo yanageuka mdahalo wa shule, kila mtu anasema analolijua kila mtu.

Siri ndiyo injini ya igizo. Chukua swali linalowasumbua vijana kila kambi: ilikuwaje mfalme wa kinchi kidogo, ambaye hakufika hata Berlin, akaondoka na Kongo? Hakuna hotuba ya mwezeshaji itakayolijibu vizuri kuliko kadi tatu zikigongana. Kadi ya Ufaransa inasema: tangu Aprili 1884 chama cha Leopold kimekuahidi kwamba kikishindwa na kuuza, mnunuzi wa kwanza ni wewe. Kadi ya Uingereza inasema: Februari 1884 uliandikiana na Ureno mkataba wa kuipa mlango wa mto Kongo, wafanyabiashara wakapiga kelele, mkataba ukafa; sasa unachokiogopa zaidi ni Mfaransa kuupata mto huo. Kadi ya Ujerumani inasema: unataka bidhaa zako ziingie bila ushuru, na hujali bendera ni ya nani alimradi si ya mpinzani mwenye nguvu. Ziache hizo tatu zikutane. Baada ya saa moja hivi Mwingereza anagundua kwamba Leopold akianguka, anayeokota ni Mfaransa, na ghafla Leopold anakuwa kipenzi cha kila mtu. Hakuna aliyempenda, na vijana wanalifikia hilo wenyewe.

Waliopewa chama cha Leopold wanapata bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu na sharti moja: hawaruhusiwi kuketi mezani. Chama hakikuwa nchi. Kazi yao ni kukusanya saini za kutambuliwa, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Ya Marekani wanayo tayari, tangu Aprili 1884, na ya Ujerumani tangu tarehe 8 Novemba. Ya Uingereza waliipata tarehe 16 Desemba, ya Ufaransa tarehe 5 Februari, ya Ureno tarehe 14 Februari. Vijana hawaambiwi tarehe hizi. Zinakaa kwenye daftari la mwezeshaji ili baadaye zilinganishwe na za kwao.

Mavazi: hapana. Kofia za kizungu, masharubu ya karatasi na Kiswahili cha kuigiza lafudhi huleta kicheko cha dakika tano na hasara ya siku mbili, maana mtu aliyekuja kuchekesha hatafuti tena maslahi ya nchi yake. Beji ya kifuani yenye jina la nchi inatosha. Na hakuna atakayeigiza mtumwa wala mnada wa watumwa, kwa kisingizio chochote. Jambo hilo linasomwa kwenye hati, halichezwi.

Jumanne na Jumatano, saa tatu hadi saa tano

Saa ya igizo: dakika 15 ni wiki moja. Kutoka 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 ni kama wiki 15, kwa hiyo wiki nane Jumanne na saba Jumatano. Katika kila dakika 15, tano ni za kikao na kumi ni za ujia. Wanaoanza hugeuza uwiano huu, kikao kikawa kirefu na ujia mfupi, kisha wanashangaa kwa nini wanaosema ni walewale wanne. Mkimya hafanyi kazi kwenye kikao. Mpe ujia, barua na mtu mmoja wa kusema naye, utamwona. Kanuni ya nyongeza: aliyesema kwenye kikao kilichopita hasemi kwenye kinachofuata.

Baada ya chakula cha mchana usijaribu. Wali na maharage havijui diplomasia.

Kalamu ya kuandika kwenye bango kitita ni moja, na iko kwa katibu. Katibu haandiki neno mpaka pande zote zikubaliane juu ya neno lenyewe. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu vijana hugundua kwamba vita vyote viko kwenye neno. Kifungu cha 34 kinamtaka anayechukua sehemu ya pwani ya Afrika awaarifu wenzake. Cha 35 kinamtaka awe na mamlaka ya kutosha pale. Neno ni pwani. Kijana anayeiwakilisha Uingereza na kadi yake vizuri atapigania kila neno la kifungu hicho hadi jasho limtoke, kwa sababu kadi inamwambia ana madai mengi na askari wachache. Sehemu za ndani, mbali na pwani, hazikutajwa, na tukifika Alhamisi nitawauliza kwa nini.

Hitilafu mbili ni za kawaida na ziko pande mbili za barabara moja. Ya kwanza: mjumbe wa Ureno anasimama na kutoa hotuba kali dhidi ya ukoloni. Moyo wake ni mzuri, lakini igizo limekufa. Simkemei; namwambia ashike hoja hiyo kwenye karatasi, nami naipokea na kuiweka kwenye kisanduku cha Alhamisi. Ya pili ni mbaya zaidi: vijana wanaanza kufurahia, wanashindania nani kachukua zaidi, wanapigana viganja. Hii inatoka kwenye alama. Ukihesabu ardhi, watacheza ardhi. Alama zetu zinahesabu maagizo yaliyotimizwa, na maagizo ya Uholanzi, kwa mfano, hayana ardhi hata shubiri moja. Yana ushuru tu, kwa ajili ya nyumba yake ya biashara kwenye mlango wa Kongo.

Bismarck, chansela wa Ujerumani, apewe kijana mtulivu asiyetaka kuonekana. Bismarck wa kweli aliongoza kikao cha kwanza na cha mwisho, katikati akawaachia wasaidizi, kwa hiyo naye anatoka ukumbini. Ndiye anayeshika bahasha.

Kuhusu chumba cha pili. Watatu wa huko ni Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, na washauri wake. Hawakualikwa. Wana kiti ukumbini, kimeandikwa jina, hakikaliwi na mtu. Habari za mkutano zinawafikia wiki moja nyuma, na wanaruhusiwa kupeleka simu moja ya maandishi (telegramu) ya maneno yasiyozidi 20 kwa kila wiki. Waya wa telegramu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, kwa hiyo simu zao si uongo wa kambi. Simu inakabidhiwa kwanza kwa ujumbe wa Uingereza, kwa sababu Barghash alimtegemea sana konseli wao, John Kirk. Mwingereza ndiye anayeamua kuisoma kikaoni au kuiacha mfukoni. Chagua vijana wavumilivu, na uwaambie mapema kwamba kukereka ni sehemu ya kazi yao, la sivyo watadhani wamenyimwa mchezo. Kadi yao pia isimfanye Barghash malaika: alitia saini kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873 baada ya kubanwa na Waingereza, na kadi iseme hivyo.

Wiki ya tisa makatibu wanapeleka chumba hicho nakala ya kifungu cha kwanza. Eneo la biashara huru limenyoshwa kutoka bonde la Kongo hadi Bahari ya Hindi, kisha kuna maneno kwamba kwa nchi huru zilizomo, sharti litashika kwa ridhaa yao tu. Wasiwaeleze maana. Kaa pembeni usikilize watatu hao wakiuliza: sasa ridhaa yetu wataiomba lini?

Kuna kitu kingine kidogo. Wiki ya tatu, mwisho wa Novemba, kengele inagongwa mara moja na karatasi iliyokunjwa inawekwa dirishani. Hakuna maelezo. Wengi hawainui hata macho.

Alhamisi

Jumatano baada ya saini kila mtu alirudisha beji na kutaja jina lake mwenyewe kwa sauti. Inaonekana kama mzaha, lakini bila hilo ugomvi wa Ufaransa na Ureno huhamia bwenini.

Mjadala wa baada ya igizo unataka muda sawa na nusu ya igizo, usipungue. Kwetu ni saa mbili kamili. Kwanza Bismarck anafungua bahasha. Ndani kuna hati ya ulinzi ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ya tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya saini, inayoipa kampuni ya Mjerumani Carl Peters ulinzi wa Dola juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Acha ukimya. Usiujaze. Watu wa chumba cha pili ndio waseme kwanza.

Kisha tunaichukua karatasi ya dirishani. Ni mkataba wa Msovero, huko Usagara, ambamo chifu Mangungo anampa Peters nchi yake yote, na ambamo imeandikwa kwamba alipoulizwa alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hajui kama yuko. Usagara, ambako misafara ya Bagamoyo ilipita miaka nenda rudi! Dakika 30 kwa maswali, na swali la kwanza nalitoa mimi: mkataba uliandikwa kwa lugha gani, na nani alimtafsiria? La pili huja lenyewe, kwa nini Peters alihitaji sentensi ile kuhusu Sultani. Hapo kifungu cha 35 kinarudi mezani, maana hizi ni nchi za bara na kanuni ya pwani haikuzigusa.

Mwisho tunalinganisha tarehe. Vijana wakiwa wamemnyima Leopold saini ya Ufaransa, sawa, hatuwasahihishi. Tunatafuta ni kadi ipi ilichezwa tofauti. Igizo linalolazimishwa kuishia kama historia linafundisha kwamba hakuna aliyekuwa na hiari. Kisanduku cha hotuba kinafunguliwa hapa, na mjumbe wa Ureno anasoma ya kwake, safari hii kwa jina lake.

Ijumaa

Rula zinatoka kabatini. Leo ni 1886, Uingereza na Ujerumani peke yao, na mstari unachorwa kweli: kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwa Jipe, ukizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, mpaka ziwa Viktoria. Atatokea wa kusema Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima ule. Ni porojo, mapatano hayo ya 1886 yaliiacha Mombasa upande wa Mwingereza na mlima upande wa Mjerumani.

Kisha penseli ya rangi nyingine, kwa Barghash. Bara aliachiwa ukanda wa pwani wa maili 10 za baharini kwenda ndani, kutoka kusini kidogo mwa Ruvuma hadi Kipini. Maili 10 za baharini ni kama kilometa 18.5. Kwenye ramani yetu ya 1:2,000,000 hizo ni milimita 9 hivi, kwa hiyo penseli ichongwe vizuri, na watatu wa chumba cha pili ndio wachore.