Nilivyopata ratiba ya joto kwa utando wa superkondakta

Utando ninaouzungumzia ni wa YBCO, mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni uliogunduliwa mwaka 1987. Ukipozwa chini ya kelvini 92 hivi, yaani karibu nyuzi 181 za selsiasi chini ya sifuri, upinzani wake wa umeme unatoweka na unakuwa superkondakta, kwa hiyo nitrojeni kimiminika, yenye kelvini 77, inautosha. Maabara nyingi huutengeneza kwa leza ndani ya ombwe, kwa mashine za bei kali. Mimi nilifuata njia ya kemikali: chumvi za trifluoroasetati, zenye florini ndani yake, za metali hizo tatu zinayeyushwa kwenye methanoli, tone linawekwa juu ya kipande cha fuwele ya lanthanamu aluminati, kipande kinazungushwa kwa kasi hadi tone litandae, kisha kinaingia tanurini.

Kila aliyetaka kujua kazi yangu aliuliza nachoma kwa nyuzi ngapi. Kwa niliyoyaona, swali la kwanza ni mwendo wa kupandisha joto, na hewa iliyomo tanurini wakati huo.

Kuanzia nyuzi 200 hadi 310 za selsiasi ndipo utando unapookoka au kuharibika. Chumvi zinavunjika, gesi zinatoka, na unene unapungua hadi karibu nusu. Ukienda mbio, utando unajikunja. Chini ya hadubini unaonekana kama utandu wa maziwa yaliyochemka, na nyufa juu yake. Nilichofanya ni kupanda haraka hadi 200, kisha kutambaa chini ya nyuzi moja kwa dakika hadi 310, halafu nikaachia hadi 400. Oksijeni niliipitisha kwanza kwenye chupa ya maji, kwa sababu unyevu huizuia chumvi ya shaba isigeuke mvuke na kutoroka. Unyevu wenyewe niliuruhusu baada ya nyuzi 100, maana kabla ya hapo maji hutua juu ya utando na kuuchafua. Kipande kilichotoka cha kahawia, laini, chenye kung'aa, kilisonga mbele. Chenye ukungu nilikiweka kando hapo hapo, kwani hakuna joto la baadaye linaloponya ufa.

Hatua ya pili ni ya nyuzi karibu 800, ndani ya nitrojeni yenye unyevu na oksijeni kidogo mno, sehemu 100 hadi 200 kwa milioni. Hapa maji yanaivunja bariamu floraidi iliyoachwa na zile chumvi, hidrojeni floraidi inatoka, na YBCO inakua kuanzia kwenye fuwele ya chini kwenda juu. Gesi hiyo ni hatari sana kwa mapafu na ngozi. Niliipitisha kwenye mmumunyo wa magadi makali, chini ya kivuta hewa, na sikuwahi kulegeza hilo.

Kilele cha joto kina kazi yake pia. Umeme hupita vizuri kwenye tabaka za shaba na oksijeni, hivyo tunataka tabaka hizo zilale sambamba na kipande cha chini. Nilipochoma kwa nyuzi 730 hivi, chembe nyingi zilisimama ubavu na kuziba njia. Picha za eksirei zilionyesha wazi. Karibu na 790 zililala. Nilipopandisha zaidi, utando ulianza kuungana na kipande cha chini na kuacha vishimo. Na ukipunguza oksijeni, joto linalofaa nalo linashuka, kwa hiyo namba ya mtu mwingine usiichukue bila kuuliza hewa yake ilikuwaje.

Wakati huo utando ni mweusi na unapendeza, lakini bado si superkondakta, kwa kuwa fuwele yake ina upungufu wa oksijeni. Nilikausha gesi, nikashusha hadi 450, nikafungua oksijeni safi na kuuacha kwa masaa. Siku tuliyoupima, upinzani ulishuka taratibu pamoja na joto, na kwenye kelvini 91 ukaporomoka hadi sifuri. Nilifurahi mno.

Ratiba hii ni ya mpako mmoja, usiofika nusu ya mikroni. Kwa utando mnene zaidi gesi zina safari ndefu ya kutoka, hivyo sasa hivi ninaipunguza tena kasi kati ya 200 na 310, na ninaangalia nyufa kabla ya kugusa kilele.