Matundu manne: siku moja maishani mwangu, fundi madishi Mbeya

Saa 12 asubuhi. Julai ya Mbeya haitaki mzaha. Ukinawa maji ya bomba vidole vinakufa ganzi, na hivyo vidole ndiyo mtaji wangu. Chai ya tangawizi, chapati ya jana, kisha begi: spana namba 10, mita ya mawimbi, konekta, kisu, tepu. Ngazi inakaa kwa jirani mwenye bajaji, maana tunakwenda nayo pamoja.

Saa 2, mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Dishi la bibi limesukumwa na kamba ya kuanikia nguo. Satelaiti anayopokea iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo hapa kwetu dishi linatazama magharibi, limepinda kidogo kaskazini. Likisogea upana wa kidole tu, picha hakuna. Dakika 15 nimemaliza. "Mjukuu wangu, Mungu akubariki," na parachichi mbili juu ya malipo.

Saa 4 nikafika gesti moja ya Mwanjelwa. Hapa ndipo siku iliponishika shati.

Gesti ina vyumba 8, kila chumba na king'amuzi chake, dishi moja juu ya bati. Fundi aliyepita alichukua waya mmoja toka kwenye kichwa cha dishi (LNB, kile kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi) akaugawa kwa spilita, kigawanyio cha waya. Mgeni wa namba 2 akibadilisha chaneli, namba 5 anapiga kelele kwamba mpira umekatika. Mwenye gesti anaamini ni mapepo, au ni ukungu wa mlima Loleza.

Si ukungu. King'amuzi kinaongea na kichwa kwa umeme unaopanda kwenye waya uleule unaoshusha picha. Kikituma volti 13 kinaomba mawimbi ya wima, kikituma 18 kinaomba ya mlalo. Kikitaka masafa ya juu kinaongeza mlio wa kilohezi 22 ambao sikio halisikii. Hesabu mwenyewe, wima na mlalo, masafa ya chini na ya juu: makundi manne, na kichwa cha kawaida kinatoa moja tu kwa wakati mmoja. Sasa vyumba nane vikiomba kwa mdomo mmoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayesikilizwa.

Dawa yake ni maltiswichi. Nilimwandikia bosi, huyo mwenye gesti, kwenye karatasi wiki iliyopita: swichi ya tano kwa nane, yaani matundu manne ya satelaiti, la tano la antena ya kawaida, na njia nane za kwenda vyumbani. Pamoja na kichwa cha KWATRO, kinachotoa makundi yote manne muda wote, kila kundi na tundu lake. Hapo chumba kinaiomba swichi, hakigombani na mwenzake. Nikaandika KWATRO kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari.

Bosi akanikabidhi boksi. Nikafungua, nikaona matundu manne, nikapanda. Hilo ni kosa langu na nalisema hapa hadharani: sikusoma.

Saa 6 nimeshafunga kichwa, nimevuta waya nne hadi stoo, swichi imewashwa. Nawasha chumba namba 1: chaneli nyingi hakuna. Namba 2, zilezile hakuna. Vyumba vyote nane vinakosa chaneli zilezile. Nikadhani nimechanganya waya. Nikapanda, nikashuka, nikazipanga upya. Nikakata konekta zote nne nikaziminya nyingine, labda uzi wa nje umegusa wa kati. Umeme ukakatika nusu saa. Ukarudi. Bosi amekaa kwenye kiti cha plastiki, kila nikishuka ngazi ananiuliza, "Imekubali?"

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokigeuza kile kichwa na kukitazama tumboni. Kwatro huandikwa kila tundu ni la wima au la mlalo, masafa ya chini au ya juu. Hiki hakikuandikwa kitu. Kilikuwa kwadi. Kwa sura ni pacha wake, ila ndani kina swichi yake, kimetengenezwa kwa ving'amuzi vinne vya moja kwa moja, na kila tundu linasubiri kuambiwa litoe nini. Swichi yangu haikuwa inaliambia, basi yote manne yakatoa kitu kimoja.

"Muuzaji alisema ni vilevile, na kilikuwa bei nafuu," bosi akasema. Kisha, "Kwani wewe fundi hukuniambia." Nikaitoa karatasi. Akaisoma taratibu, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake. Dukani walikataa kukirudisha kwa sababu kimeshafungwa.

Begini nilikuwa na kwatro moja, ya mteja wangu wa Uyole, ameshalipia. Wageni walikuwa wanaanza kuingia na mabegi yao. Nikaifunga.

Giza limeingia, tochi mdomoni, bati limeanza kuteleza kwa umande. Nikashuka, nikapita chumba kwa chumba. Nane kwa nane, kila mtu chaneli yake, hakuna anayemgusa mwenzake. Nilisimama kwenye korido nikasikiliza televisheni nane zikisema mambo nane tofauti. Hakuna atakayejua ni kwa nini, lakini mimi nilisikia raha.

Bosi akaja na swali la mwisho: kwa kuwa sasa zimeunganishwa, atalipia kifurushi kimoja? Hapana bosi, swichi inagawa mawimbi, haigawi kifurushi. Kila king'amuzi na malipo yake. Akanuna, akanipa nusu ya hela ya ufundi, nyingine mwisho wa mwezi. Kwatro ataleta "kesho kutwa".

Saa 4 usiku niko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji moto. Simu ina missed call tatu za yule mama wa Uyole. Kesho saa 3 ananisubiri, na bado sijapata namna ya kuanza kumweleza.