Samrat Yantra juu ya paa: ukingo wa kivuli umesomeka

Imekubali! Mfano wangu wa Samrat Yantra, ile saa kubwa ya jua ya Jaipur, India, sasa unasoma muda kwa tofauti isiyozidi sekunde kumi, asubuhi na alasiri, na mbawa zake, yaani zile robo-duara mbili zenye kipimo ambako kivuli cha ukuta wa katikati huangukia, zina nusukipenyo cha sentimita 60 tu. Kabla ya hapo ilinitesa kwa dakika moja, ile ile kila siku. Hiyo dakika ndiyo nataka kuieleza, maana kila anayejenga saa ya aina hii atakutana nayo.

Kwanza yaliyobadilika. Jaipur iko digrii 27 kaskazini mwa ikweta, hivyo ukuta wake unapanda kwa digrii 27 kuelekea ncha ya kaskazini ya anga, hadi kwenye kibanda cha kuba kilicho mita 27 hivi juu. Dar es Salaam iko digrii 6.8 kusini. Ukingo wangu wa sentimita 80 unapanda sentimita tisa na nusu basi, tena kuelekea kusini. Ule mwinuko wa ngazi ya kwenda mbinguni umepotea. Changu kinafanana na paa la upenu. Hesabu haijabadilika: ukingo uko sambamba na mhimili wa dunia, mbawa ziko pembe mraba na ukingo, saa moja ni digrii 15, ambazo kwangu ni sentimita 15.7 za kipimo.

Kusini nimeitafuta kwa duara ya Kihindi: kijiti wima katikati ya duara, alama kivuli kinapoigusa asubuhi, alama nyingine alasiri, unaziunganisha, hiyo ndiyo mashariki na magharibi yako. Wanafalaki wa Kiislamu waliipokea kwa jina hilo hilo kutafutia zawali, na haijapitwa na kitu. Dira ya simu juu ya slabu yenye nondo ni kujidanganya. Pima maji ya simu vilevile. Nunua ya fundi, ndefu, pamoja na timazi nzito ambayo upepo wa bahari hauwezi kuichezea. Kipimo nimekichora moja kwa moja juu ya rangi nyeupe ya mafuta, kwa wembe na wino. Karatasi iliyochapishwa hutanuka unyevu ukizidi, na hapa Dar unyevu huzidi kila siku.

Sasa ile dakika. Asubuhi saa ilitangulia kwa dakika moja na ushei. Alasiri ilichelewa kwa kiasi hicho hicho. Kama kimo cha ukuta kingekuwa na kasoro, tofauti ingekuwa kubwa mapema asubuhi na jioni, na kufifia kuelekea adhuhuri. Kama unene wa ukuta ndio wenye kasoro, ingekuwa kinyume: kubwa karibu na adhuhuri, ikififia kuelekea machweo. Hii haikufifia popote. Saa mbili asubuhi dakika moja, saa tano dakika moja, saa tisa dakika moja upande wa pili.

Chanzo ni jua lenyewe. Jua si nukta. Lina upana wa nusu digrii hivi, na upana huo huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili kupita. Kwa hiyo kivuli hakina ukingo, kina ukanda wa ukungu, na kwangu ukanda huo una milimita tano na nusu. Jicho hushika pale giza linapokamilika. Lakini pale panatawaliwa na ukingo wa jua, si kitovu chake: asubuhi ni ukingo unaotangulia, alasiri ni ule unaofuata. Nusu ya dakika mbili, ndiyo hiyo dakika.

Na kinachouma ni kwamba ukubwa hausaidii. Mbawa za Jaipur zina nusukipenyo cha mita 15 hivi, na kivuli hutembea karibu milimita moja kila sekunde, kiasi cha kukiona kikienda. Sawai Jai Singh, mfalme aliyeijenga, alichagua mawe na chokaa kwa makusudi. Katika dibaji ya majedwali yake ya nyota, Zij-i Muhammad Shahi, alilalamika kwamba vyombo vya shaba ni vidogo, mihimili yake inalika na vitovu vinahama. Alikuwa na haki. Ila ukikuza ukuta, ukungu nao unakua. Jaipur unafika sentimita 14 hivi, na bado ni dakika mbili zile zile. Ukubwa unakupa nafasi ya kuchora sekunde. Ukingo wa kivuli lazima uutafute mwenyewe.

Dawa ni uzi. Waliopima vile vyombo vya Jaipur hushika uzi mwembamba sambamba na ukingo wa kivuli, sentimita moja au mbili juu ya kipimo, wakatazama kivuli cha uzi badala ya kivuli cha ukuta. Uzi ukiwa karibu hivyo, kivuli chake hukatika vizuri. Unausogeza taratibu kuelekea gizani, na pale mstari wake unapotoweka ndipo chembe ya mwisho ya jua ilipozibwa. Soma hapo. Asubuhi toa sekunde 64, alasiri ongeza sekunde 64. Mimi natumia nailoni ya mshipi, iliyokazwa kwenye fremu ndogo inayoteleza juu ya ubawa. Mstari haupotei ghafla: unakuwa wa kijivu, unasinyaa, kisha unabaki kama unywele, na ukipepesa macho umeukosa. Nilipoona namba za asubuhi na za alasiri zimekutana nilipiga kelele hadi majirani wakauliza kuna nini.

Kulinganisha na saa ya simu bila shaka kunahitaji marekebisho yake. Majira yetu yanafuata longitudo ya digrii 45 na Dar iko 39.28, hivyo jua la hapa liko nyuma kwa dakika 23. Ongeza jua kubadilika mwendo kwa msimu, na adhuhuri halisi huangukia saa sita na dakika 37 katikati ya Februari, lakini saa sita na dakika saba hivi mwanzoni mwa Novemba. Jaipur nao wako nyuma ya saa ya India kwa karibu dakika 27.

Kinachonivuta kwa Jai Singh ni kwamba vyombo vyake ni mahali pa watu. Unaingia ndani, unapanda, unakaa kivulini. Kila mwaka mwezi wa Ashadha, wa kalenda ya Kihindu, unapokuwa mpevu, wanajimu wa Jaipur hupanda Samrat na bendera kupima upepo na kubashiri masika. Delhi, barabara ya Jantar Mantar, jirani na vyombo vyake vya 1724, imekuwa ndiyo uwanja wa waandamanaji wa mji mkuu.

Nilipanga sasa nimwage mbawa za zege. Zisubiri, maana Jai Prakash Yantra, chombo chake kingine, imeniteka: bakuli mbili za marumaru zilizozama ardhini, waya zikipishana juu, na katikati kisahani chenye tundu ambacho kivuli chake kinaonyesha jua lilipo angani. Penye marumaru katika bakuli moja, ya pili ina pengo, hivyo msomaji anashuka pengoni na kusoma kwa karibu, kisha anahamia bakuli la pili jua linaposogea. Nimeshapata makarai mawili ya fundi mwashi. Si nusu tufe kamili, kwa hiyo nitayajaza saruji laini na kuichonga kwa kibao cha nusu duara kinachozunguka kwenye msumari wa katikati. Jasi ingekuwa laini zaidi, lakini inakauka kabla kibao hakijamaliza mzunguko.